Sukari Iliyoshuka Yenyewe



Nimeombwa nizungumze juu ya kisukari na figo, na mwenyekiti amenisihi nisiwatishe watu. Nitajitahidi. Acha nianze na fundi baiskeli mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, ambaye jina lake namwachia mwenyewe.

Alikuja kliniki na mkewe, akiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Alikuwa na kisukari mwaka wa 14, na miaka ya mwisho alikuwa akijichoma insulini asubuhi na jioni. Kabla sijamwuliza kitu akaniambia, "Sista, mimi nimepona." Akanitolea daftari lake la vipimo, lile la shule lenye mistari, lenye mafuta ya mnyororo kwenye jalada. Kurasa za nyuma zilijaa 13, 15, kuna mahali 19. Kurasa za mbele ni 6, ni 5.4, na siku moja 3.1; siku hiyo alitokwa jasho akaanguka mbele ya kibanda chake na vijana wa kijiweni wakamnywesha soda. Insulini aliipunguza mwenyewe kidogo kidogo, mwisho akaiacha kabisa. Alikuwa akinywa unga wa majani ya mlonge, kijiko asubuhi na kijiko usiku. Aliyemuuzia alimwambia sukari itashuka, na kweli ikashuka.

Mkewe hakusema neno. Alikuwa akitazama miguu ya mumewe, nami nikatazama alikotazama. Mzee alivaa kandambili, na mikanda yake ilikuwa imezama kwenye nyama kama kamba iliyokaza mzigo. Nikabonyeza mfupa wa mguu kwa kidole gumba, nikaachia, nikahesabu hadi 10, na kishimo kikabaki palepale. Majibu ya damu yalipokuja, kriatinini yake, taka ya damu inayopaswa kutolewa na figo, ilikuwa zaidi ya 780. Mtu mzima mwenye figo nzima huwa na kiasi cha 60 hadi 110 hivi.

Insulini, ile ya mwilini na ile ya sindano, haidumu milele kwenye damu. Huvunjwavunjwa na kuondolewa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo, hasa kwa ile ya sindano, hufanywa na figo. Figo zikichakaa, insulini hukawia mwilini, na dozi ileile ya mwaka jana inakuwa kubwa mno mwaka huu. Tena figo zenyewe hutengeneza sukari kidogo mtu anapokaa na njaa, na hiyo nayo hukatika. Juu ya hayo mgonjwa anapoteza hamu ya kula. Sukari hushuka. Yule mzee hakuponywa na mlonge wala hakuuliwa na mlonge. Mboga ile tunaila nyumbani na sina ugomvi nayo. Kilichomshusha sukari ni figo zilizokuwa zikifa, na yeye akazipigia makofi.

Nimeanza na yeye kwa sababu kila alichokifanya kilikuwa cha akili. Aliandika vipimo vyake, jambo ambalo wengi hamlifanyi. Aliona dozi inamzidi akaipunguza. Alipoona nafuu akafuata kilicholeta nafuu. Angekuwa mzembe ningekuwa na kazi rahisi usiku huu: ningewaambia msiwe wazembe, tukaenda zetu kulala.

Kidogo juu ya figo, kisha niwarudishe mitaani. Kila figo ni kama ngumi ya mwenyewe, na ndani yake mna vichujio vidogo vidogo karibu milioni 1. Kwa siku moja figo zote mbili huchuja maji ya damu kiasi cha lita 180. Hizo ni ndoo 9 zile za lita 20, na karibu zote hurudishwa mwilini. Inayotoka kama mkojo ni lita moja na nusu au mbili. Sukari ikikaa juu miaka mingi, vichujio hivi hufanyishwa kazi kwa nguvu kupita kiasi, kisha hutoboka na kukakamaa. Cha kwanza kuvuja ni protini iitwayo albumini, kidogo sana, hata jicho halioni. Baadaye mkojo hutoa povu lisilotulia. Miguu kuvimba, kichefuchefu, kuwashwa mwili na pumzi kukatika huja mwisho, wakati sehemu kubwa ya kazi ya figo imekwisha kupotea. Kutoka kupata kisukari hadi kufika huko mara nyingi ni miaka 10, 15, hata 20. Na katika miaka yote hiyo figo haziumi.

Hilo la kutokuuma ndilo limenikalia kooni miaka yangu yote ya kazi. Sisi ugonjwa tunaujua kwa maumivu. Mtu asiyeumwa halazwi, haulizwi hali, hapelekewi uji, hasamehewi kazi za shamba. Mwenye kisukari na presha anapika, anafua, anaendesha daladala, na akisema hali pilau kwa sababu ya ugonjwa anaonekana ana maringo.

Mjini kuna neno husemwa, "Alikula raha, sasa zinamtokea puani." Nimelisikia misibani, nimelisikia hata katika vyumba vya hospitali. Kwamba kisukari ni ugonjwa wa mdomo, na mwenye mdomo ndiye mwenye kosa. Basi tuutazame huo mdomo ulipata wapi tabia zake.

Mwaka 1989 Dkt. Donald McLarty na wenzake walichapisha utafiti wao wa vijiji 6 vya Tanzania, na waliokutwa na kisukari hawakufika mtu 1 katika kila watu wazima 100. Mwaka 2012 ulifanyika upimaji wa kitaifa wa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, na sukari ilikutwa imepanda kwa watu 9 hivi katika kila 100. Namba hizi msizipange ngazi moja, maana za mwanzo ni za vijijini na za pili ni za nchi nzima, na upimaji haukuwa wa namna moja. Lakini hata ukizipunguza unavyotaka, kuna jambo limetokea kati ya 1989 na 2012. Midomo ya Watanzania haikubadilishwa. Kilichobadilika ni kinachouzwa mbele ya midomo hiyo, na namna tunavyotoka nyumbani asubuhi.

Watu wa Tanga, hili ninyi mnalijua kuliko mimi. Huu ni mji wa baiskeli. Wageni walikuwa wakishuka kwenye basi wanashangaa: mama kapakiwa nyuma kakaa upande, mwalimu na baiskeli yake, karani wa mkonge na baiskeli yake, mchuuzi wa samaki na tenga lake. Hakuna aliyekuwa akifanya mazoezi. Watu walikuwa wakienda walikokuwa wakienda. Leo vijana wanakuja na bodaboda hadi mlangoni, na kwa safari ya barabara mbili tu mtu hukaa akafikishwa. Siilaumu bodaboda, imelisha nyumba nyingi. Nasema tu kwamba fundi wangu wa Ngamiani aliona wateja wake wakipungua mwaka hadi mwaka, na kila mteja aliyepungua ni mtu aliyeacha kutumia miguu yake. Naye mwenyewe alikuwa akienda kazini kwa bodaboda.

Huko Kilimanjaro watafiti walipima watu majumbani mwao, matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Ugonjwa sugu wa figo walioukuta mjini ulikuwa kwa watu 15 katika kila 100, vijijini 2. Na katika wote waliokuwa nao, aliyejua kwamba anao alikuwa kama mmoja kati ya 10. Mwanza, kwenye Hospitali ya Bugando, walipimwa wagonjwa 369 wa kisukari waliokuwa wakihudhuria kliniki kama kawaida. Waliokuwa na dalili za ugonjwa wa figo kwenye vipimo walikuwa 309, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akijua. Hawa si watu waliokimbia hospitali. Walikuwa wamekaa kwenye benchi la kliniki.

Sasa tuingie ndani ya nyumba, maana humo ndimo mambo yanamoharibikia.

Sisi tunakula kwenye sinia. Wali wa nazi katikati, mchuzi pembeni, mikono 6 au 7 inakutana. Daktari anamwambia mgonjwa, "Punguza wali, robo ya sahani iwe wanga, nusu iwe mboga." Sahani ipi? Mgonjwa wangu hana sahani. Akila kidogo mama mkwe anauliza kama chakula kibaya. Akiomba apikiwe chake, mkaa umeongezeka na masufuria yamekuwa mawili. Kwa hiyo anakula na wenzake, akimeza dawa yake kwa siri baada ya chakula kama mtoto aliyeiba sukari. Wapo wanawake wanaoficha hata ugonjwa wenyewe wasije wakaongezewa mke mwenza, na wapo wanaume wanaouficha kazini wasiondolewe zamu. Insulini inataka ubaridi, na nyumba isiyo na friji huihifadhi kwenye mtungi wa udongo wenye maji. Njia ni nzuri, tunaifundisha kliniki. Ila mtungi umekaa ukumbini na kila mgeni anachota maji. Basi insulini inafichwa kabatini, kwenye joto letu hili la Januari, inaharibika, na sindano ya kila siku inakuwa kama ya maji.

Mnisamehe, nililitaja hili mkutano mmoja, mzee mmoja akasimama akasema nazungumzia siri za ndoa za watu. Ni kweli. Nusu ya ugonjwa huu imo humo.

Kuna chumvi pia. Ukiwauliza watu wa pwani kama wanakula chumvi nyingi, watakataa, na wanasema kweli kwa kadiri ya kijiko wanachokiona. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, chumvi yote ya siku humo. Sasa hesabu: mkate wa boflo una chumvi, kidonge cha mchuzi kina chumvi, achari ndiyo chumvi yenyewe, na ukifika kwa papa mkavu au nguru wa chumvi umekwisha kumaliza kijiko na hujagusa kikopo cha jikoni. Chumvi hupandisha presha, na presha ndiyo mshirika wa kisukari katika kuzibomoa figo. Kati yao sijui yupi mwizi na yupi mwenye kushika ngazi, lakini nyumba wanaivunja pamoja.

Na mgeni je? Mgeni akija anapewa soda, ya baridi, na kuikataa ni kumwaibisha mwenyeji. Chupa moja ya mililita 350 ina sukari gramu 35 na zaidi, vijiko 8 au 9 vya chai. Mama mmoja mshenga, mwenye kisukari, aliniambia kwamba siku ya posa huingia nyumba 3, na kote hunywa, kwa sababu mshenga asiyekunywa kapeleka nuksi. Nikamwuliza kwa nini asiombe maji. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, wewe umesoma lakini hujaoza mtu."

Hapa nataka kusema jambo la kwangu mwenyewe, na nitalisema haraka kwa sababu halinipendezi.

Mama yangu alikuwa na kisukari, presha na magoti. Sukari na presha hazikumwuma, magoti yalimwuma. Kwa hiyo katika dawa zake zote aliyoiheshimu ni moja, ile ya magoti, diklofenaki, ambayo aliimeza asubuhi na jioni kwa miaka. Dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, hubana mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Kwa kijana mwenye figo nzima aliyezimeza siku mbili kwa ajili ya jino, neno hakuna. Kwa mtu wa kisukari na presha, kila siku, ni kukata mti uliokwisha kutafunwa na mchwa. Zinauzwa duka la dawa lolote bila cheti. Na aliyekuwa akimnunulia mama alikuwa mimi, muuguzi, nikiwa na sare yangu, nikitoka kazini. Nilizinunua kwa sababu alipozinywa alicheka na kutembea hadi kwa jirani. Mwaka ambao hatimaye nilimpima, mkojo wake ulikuwa na alama tatu za protini kwenye kijiti. Nilikuwa nimewapima mkojo mamia ya watu kabla yake.

Simwambii mtu avumilie maumivu. Parasetamoli kwa kipimo chake ina usalama zaidi kwa figo, dawa ya kuchua ipo, na magoti ya mzee yanahitaji mazoezi na kupungua uzito kuliko yanavyohitaji kidonge. Lakini muulizeni muuza dawa jina la kidonge kabla hamjakimeza.

Tukiwa kwenye vinywaji vya tiba, nigusie birimbi, kwa kuwa miti yake imejaa nyuani huku pwani na siku hizi husifiwa kwamba juisi yake inayeyusha mafuta na kushusha sukari. Birimbi moja mbili kwenye mchuzi wa samaki ni utamu wetu wa siku zote. Juisi yake nzito, glasi nzima, ni habari nyingine. Ina oksalati nyingi, tindikali inayofanya chembe ngumu na kuziba figo kutoka ndani. Kule Kerala, India, ambako nako birimbi inapendwa, madaktari mwaka 2013 walieleza habari za wagonjwa 10 ambao figo zao zilifeli ghafla baada ya kunywa juisi hiyo, na wengi wao walilazimika kuwekwa kwenye mashine. Wengi walikunywa kwa ajili ya afya.

Sasa nije kwenye jambo linalowachanganya watu kuliko yote, na ambalo sisi wenye makoti meupe tunastahili kulaumiwa.

Mtu akigundulika na kisukari tunamwambia: acha sembe kula dona, kula maharage, ongeza mchicha na kisamvu, kula matunda, chungwa zima badala ya juisi. Anatii. Machungwa ya Muheza yako tele, mchicha uko nyuma ya nyumba, hatumii gharama kubwa. Miaka 12 baadaye figo zimeshuka sana, anapelekwa chumba kingine, kwa mtaalamu mwingine, naye anamwambia: punguza mchicha, punguza kisamvu, machungwa na ndizi kwa kiasi kidogo, maharage kwa kipimo, parachichi uache, na dafu usiliguse. Sababu ni potasiamu. Figo zilizochoka haziwezi kuitoa, na ikijaa kwenye damu moyo unaweza kusimama. Dafu ni zuri kwa aliyeharisha, ila kwa mtu wa figo zilizofika mwisho ni hatari ya kweli, na huku kwetu dafu ndilo la kwanza kupelekewa mgonjwa.

Mgonjwa akitoka hapo anasema madaktari hawajui wanachokisema: jana mchicha dawa, leo mchicha sumu. Akiwa na akili kama fundi wangu, atamtafuta mtu ambaye maneno yake hayageuki, na huyo yupo sokoni, ana kipaza sauti.

Hakuna mgongano hapo, ila ni lazima aelezwe mapema kwamba figo zina hatua, na kwamba chakula cha hatua ya kwanza si cha hatua ya mwisho. Asiyeambiwa na vipimo vyake kuwa potasiamu imepanda asiogope mchicha. Na aliyeambiwa, jikoni kuna njia. Viazi na muhogo vimenywe, vikatwekatwe vipande vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe. Mboga za majani vivyo hivyo. Potasiamu nyingi huondoka na maji. Anayepika akimwaga maji hayo anadhani anamwaga uzima wote wa mboga, ndiyo maana maelezo haya nayatoa kwa mpishi, na mgonjwa akae pembeni asikilize. Miaka mingi nilikuwa nikimfundisha mzee wa kiume mapishi, mtu ambaye hajawahi kushika mwiko, huku mkewe kaachwa nje kwenye benchi analinda viatu.

Juu ya mfungo wa Ramadhani nitasema kidogo, maana nikianza hatutatoka. Mwenye kisukari pekee, kilichotulia, wengi hufunga salama kwa kupangiwa upya saa za dawa na daktari wao. Mwenye kisukari pamoja na figo zilizoshuka sana yumo katika kundi la hatari kubwa: kiu inakausha figo mchana, kaimati na tende zinamimina sukari jioni. Ruhusa ya mgonjwa kula ipo katika dini yenyewe. Kinachowazuia ni aibu ya kuonekana na kikombe mchana, na hiyo aibu si ya mgonjwa, ni ya mtaa.

Na mfuko. Dawa zenye kulinda figo zipo. Tangu 2001 tunajua kwa ushahidi mzuri kwamba losartani na ndugu zake huchelewesha kuharibika kwa figo za mwenye kisukari, na tangu 2019 na 2020 zimeongezeka nyingine za kumeza, zile zinazolazimisha sukari itoke na mkojo, ambazo asili yake ni kitu kilichogunduliwa kwenye gome la mtofaa karne ya kumi na tisa. Losartani si ghali. Hizi mpya kwa mshahara wa wengi wetu ni ghali. Lakini hata ile ya bei nafuu nimeona ikinunuliwa vidonge 10 kwa mwezi wa siku 30. Mama ntilie anameza siku za sokoni, siku za kukaa nyumbani hamezi, kwa hoja kwamba asipofanya kazi mwili unapumzika. Nikiandika kwenye faili kwamba hafuati matibabu nitakuwa nimeandika kweli, na nitakuwa sijaandika kitu.

Figo zikifika mwisho kuna mashine. Ya kwanza iliyofanya kazi ilitengenezwa Uholanzi katika vita, mwaka 1943, na daktari Willem Kolff, kwa utando wa kufungia soseji. Ya leo ni nadhifu zaidi, lakini hesabu yake ni ngumu: mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara. Ni saa 12 kati ya saa 168 ambazo figo zilikuwa zikifanya kazi bila kudai chochote. Kwa mwaka ni mara 156. Kila mara kuna nauli ya mgonjwa na nauli ya anayemsindikiza, na anayesindikiza kwa kawaida ni mke au binti, ambaye siku hizo 156 hakufungua genge wala hakwenda shule. Wengine hupunguza wakaja mara 2. Upandikizaji umeanza nchini, Muhimbili mwaka 2017 na baadaye Dodoma. Kabla ya hapo safari ilikuwa India. Anahitajika mtoaji, na duniani kote wanaotoa figo wakiwa hai, wengi wao ni wanawake.

Nilisema mdomo unalaumiwa bure. Niongeze moja. Vichujio vile milioni 1 hatukuzaliwa navyo sawa. Hutengenezwa tumboni mwa mama hadi wiki ya 36 hivi, na baada ya hapo hakiongezeki hata kimoja maisha yote. Mtoto aliyezaliwa njiti au na uzito mdogo mara nyingi huanza maisha na vichujio pungufu, na akija kupata kisukari akiwa na miaka 45, figo zake zinaanza safari na mafuta nusu tangi. Fundi wangu wa Ngamiani alizaliwa kambi ya mkonge, pacha. Mama yake alikuwa akikata mkonge hadi wiki aliyojifungua. Pacha mwenzake hakuishi.

Mtaniuliza nini kilimpata. Alikataa mashine mara ya kwanza, kwa sababu aliowaona wakiwekwa walikufa. Na walikufa kweli, maana waliletwa wakiwa wamechelewa kama yeye. Mkewe ndiye aliyekubali. Alisema maneno mawili tu mle chumbani, "Tunaanza kesho," na mzee akainamisha kichwa. Aliishi miaka 3 na miezi. Kibanda chake kakirithi kijana wa kaka yake, anatengeneza pikipiki.

Kila mwenye kisukari cha ukubwani anatakiwa kupimwa mkojo kwa albumini na damu kwa kriatinini tangu siku ile anapogundulika, na tena kila mwaka. Presha apimwe kila anapofika kliniki. Hakuna cha ajabu hapo, ni kikopo na tone la damu. Nimekuja na wauguzi wawili, wamekaa pale mlangoni chini ya mwembe, wana vijiti na vikopo 80. Mwenye sukari, mwenye presha, mwenye mzazi aliyefariki kwa figo, aanze. Vijiti vyetu ni vya kuonyesha njia tu. Atakayekutwa na alama tutampa karatasi ya kwenda kupimwa vizuri, na aje na anayempikia. Choo cha wanawake kiko mkono wa kushoto, cha wanaume nyuma ya ukumbi, na tafadhali msijaze hadi juu.